Mabomba ya Zinki ya Weira Amba

Jumapili ya pili ya mwezi wa Hidar wa kalenda yetu, wengine wakiwa wametoka kanisani na wengine hawajatoka popote, fundi Abegaz aliingia kwenye uwanja wa chama cha kuzikana cha Weira Amba na spana yake kubwa, akaanza kugonga mabomba. Yalikuwa sitini na mawili, ya chuma kilichochovywa zinki, kila moja mita sita, yamelazwa juu ya magogo kando ya stoo ya mahema na masufuria ya matanga. Aligonga moja, akainamisha sikio, akaenda kwa la pili. Bomba zima hulia ting, na mlio unakwenda mpaka mwisho wa bomba na kurudi. Bomba lililooza ndani husema pu, basi, limemaliza. Wanawake waliokuwa wakikaanga kahawa ya mkutano walimwomba apunguze makelele, hakupunguza. Alipofika mwisho alikuwa amesikia pu arobaini na moja.

Weira Amba imekaa mgongoni mwa kilima, nje kidogo ya mji wa Dessie, na maji yake siku zote yalikuwa bondeni. Kushuka ni dakika arobaini. Kupanda na dumu mgongoni, hilo muulize aliyepanda. Wanawake wetu walikuwa na alama ya kamba mabegani tangu usichana, na hakuna aliyeiona kuwa ni alama. Kisha manispaa ikajenga tangi juu ya kilima, ikasema mtaa utafute mabomba wenyewe. Watu wakashangilia wiki nzima, halafu wakakumbuka kwamba hawana mabomba. Aliyeyapata ni mwenyekiti wa chama, Shibeshi, mwalimu mkuu mstaafu. Shemeji yake alikuwa anasimamia kubomolewa kwa kiwanda cha zamani cha mablanketi, na yale mabomba yaliyopitisha maji ya rangi miaka arobaini alikuwa anayatoa bure kwa yeyote atakayeyaondoa.

Kahawa ya kwanza ilipokwisha kunywewa, Shibeshi alisimama.

"Bomba la plastiki," alisema, "jembe likiligusa, limekatika. Panya analitafuna. Jua likilipiga linajikunja kama mkia wa mbwa. Punda wa kuni akilikanyaga, kwisha habari. Hili la zinki je? Lori lipite juu yake, halitasema hata 'ah'. Moto haulishiki. Kibaka hana meno ya kulikata. Waitaliano walifukia ya namna hii kule mjini, wakafukuzwa, mabomba yakabaki yanatoa maji."

Watu wakapiga makofi. Abegaz akainuka, spana bado mkononi.

"Mwenyekiti hajasema uongo hata mmoja," alisema. "Mimi nimeyafunga haya maisha yangu yote. Kwa nje ni askari. Lakini likioza humuoni adui, maana linaoza kwa ndani. Zinki inalika kidogo kidogo, ikiisha kutu inajaa, tundu la kupitisha vidole viwili linabaki la kupitisha penseli. Na kila ukikata hesi, yale meno ya kuungia, pale ulipokata zinki imetoka, pale ndipo linapoanza kufa. Halafu haya ni ya zamani. Zinki ya zamani waliichanganya na madini ya risasi. Na yamekunywa rangi miaka yote hiyo. Nimeyagonga jamani. Arobaini na moja hayalii."

"Gashe Abegaz, mzee wetu," akadakia Yimer, mpiga tarumbeta wa misiba, "hivi wewe ukitaka kumjulia mtu hali, unamgonga kwanza?"

Kicheko kikapasuka. Dinkie, mwoka injera, mikate yetu mipana ya chachu, ambaye mdomo wake haujawahi kulala njaa, naye akaongeza. "Ukimuuliza daktari, dunia nzima wagonjwa. Ukimuuliza fundi, mabomba yote mabovu. Hebu njoo ugonge bega langu hili la kamba, uniambie linaliaje!"

Wakapiga kura kwa kunyoosha mikono, na mikono ilikuwa mingi.

Hapa lazima nimseme Abegaz, ingawa ni rafiki yangu. Jumatatu asubuhi yeye ndiye aliyefika wa kwanza na msumeno. Fundi bomba mwingine hatukuwa naye. Shibeshi alikuwa ameahidi kwamba jina la fundi litaandikwa kwenye saruji ya kibanda cha bomba. Na nyumbani alikuwa na mjukuu wa kike wa miaka saba, Birke, ambaye mama yake, Yeshi, binti wa Abegaz, alikuwa mtumishi wa ndani ng'ambo ya Bahari ya Shamu tangu mtoto ana miaka miwili, na magoti ya Abegaz yalikuwa yamechoka kupandisha maji ya watu wawili. Kwa hiyo alikata, akapiga hesi, akafunga katani na rangi kwenye kila kiungo kisivuje, yaliyolia na yasiyolia, na siku ya kumi na mbili maji yakatoka. Nyumba ya Shibeshi peke yake, iliyo juu karibu na tangi, ilipata bomba jembamba la plastiki, la buluu. Alisema ni kwa sababu ya mwinuko. Hakuna aliyejua habari za mwinuko, kwa hiyo hakuna aliyebisha.

Siku ya arobaini na ushei tangu maji yatoke, Dinkie alikuwa anaoka. Akaweka kiganja juu ya mitad, kile kikaango kipana cha udongo, kusikia kama kimepata moto. Kilikuwa kimepata. Aliacha kiganja hapo hapo akiendelea kumsimulia jirani habari za bibi harusi mmoja wa Kombolcha, mpaka jirani akamwambia, "Dinkie, mkono." Dinkie akautazama. Hapakuwa na lengelenge. Ngozi ilikuwa ya kijivu, inang'aa, na juu yake kulikuwa na yale maua maua ya bati jipya ambalo bado halijanyeshewa. Akajifuta kwenye aproni, akamalizia habari ya bibi harusi, akaoka injera thelathini na mbili bila kutafuta kitambaa cha kushikia. Kufika jioni kila mwanamke wa mtaa alikuwa amejaribu kwenye mitad yake mwenyewe, na wengi waliweza.

Mwezi wa Tir, wa pili baada ya Hidar, ulipokaribia kwisha, mtaa mzima ulikuwa unang'aa. Getu, dereva wa bajaji, alimgonga mzee mmoja kwenye kona ya kinu, bajaji ikabonyea pua, na aliyepewa pole ni Getu. Muuguzi wa kliniki alijaribu sindano tatu kwa mtoto wa chanjo, zote zikapinda. Akaandika kwenye daftari "haiingii", akaita anayefuata. Anayefuata naye alikuwa wa Weira Amba. Posa zilikuja kutoka miji ya mbali, kwa sababu ilisemekana mke wa huko hapati makunyanzi. Ni kweli vitanda vya kamba vilikatika, maana watu walikuwa wameongezeka uzito, na punda walikataa kupandwa. Lakini mtu asiyeungua, asiyekatwa na kisu wala kuumwa na mbu, atalalamikia kitanda?

Abegaz hakung'aa. Tangu alipoona maua kwenye kiganja cha Dinkie alikuwa amerudi bondeni na dumu, kila asubuhi, yeye na magoti yake. Alimwekea Birke maji ya chemchemi kwenye mtungi wake peke yake, akamkataza kugusa ya bomba hata kwa kunawa. Jioni, kabla ya chakula, alimgonga begani kwa ukucha na kuinamisha sikio. Bega lilinyamaza, kama bega la mtoto linavyopaswa kunyamaza, na Abegaz akashukuru.

"Babu, unasikiliza nini?"

"Nasikiliza kama umeshiba."

"Bado sijala!"

"Basi ndiyo maana sisikii kitu."

Wa kwanza kufa ni Hussein, muuza ngozi, mtu wa miaka hamsini na nane ambaye tangu bomba lije hakuwahi kukohoa. Alikufa kwenye foleni ya maji, akiwa amesimama, na aliendelea kusimama hivyo hivyo mpaka zamu yake ilipofika. Waliomwosha walishangaa kidogo tu, kwamba alikuwa mwepesi. Walipomgeuza waliona, pale alipowahi kupasuliwa figo zamani, tundu la kuingia kidole, na ndani hamkuwa na kitu ila vumbi la kahawia. Wakaziba kwa pamba na kafuri kama wanavyoziba kila maiti. Vumbi kidogo lililomwagika wakalikunja kwenye karatasi na kumpelekea Abegaz, kwa maana waliona hilo ni jambo la fundi.

Yimer alipuliza tarumbeta mtaa mzima, hema likasimamishwa, watu wakaja. Mwimba maombolezo aliletwa kutoka Haik, mwanamke ambaye aliwahi kumliza hakimu. Aliimba juu ya mikono ya Hussein, juu ya mlango wa Hussein ambao haukuwahi kufungwa, juu ya mjane aliyebaki na viatu vyake. Watu walimsikiliza kama wanavyosikiliza taarifa ya habari. Mjane alimsikiliza pia, akitikisa kichwa kwa adabu, na mwisho wa ubeti alipitisha shela kwenye mashavu yaliyokuwa makavu. Siku hiyo ndiyo watu wa Weira Amba walipogundua kwamba hawalii tena. Walilizungumza kidogo wakati wa kahawa ya pili, na ilipofika ya tatu walikuwa wanazungumza mambo ya mvua.

Abegaz alipanda kwa Shibeshi na ile karatasi. Alimkuta anapogoa miwaridi yake, kidole kimoja kimefungwa kitambaa kwa sababu mwiba ulikuwa umemchoma. Abegaz alikitazama kile kitambaa chenye doa la damu, na hasira ikampanda mpaka masikioni.

"Nini hiki?" aliuliza Shibeshi, akifungua karatasi.

"Hussein."

Shibeshi aliikunja tena vizuri, akamrudishia kwa mikono miwili. "Mungu amrehemu. Sasa niambie, ndugu yangu. Tangu bomba lije, Hussein aliumwa lini?"

"Hakuumwa."

"Alilazwa?"

"Hakulazwa."

"Alipata hofu? Alikosa usingizi? Alimlilia mtu?"

"Hapana."

"Basi mimi ningeomba kifo kama hicho."

"Kiombe, Mwalimu. Hamia kwenye bomba letu."

Shibeshi akageukia miwaridi yake, akakata tawi ambalo halikuhitaji kukatwa. "Mwinuko, Abegaz," alisema. "Wewe fundi, unajua habari ya mwinuko."

Kesho yake, saa sita mchana, Abegaz alikwenda kwenye bomba na msumeno. Alifukua mahali lilipotokeza ardhini, akapiga goti. Wanawake waliokuwa kwenye foleni walimtazama bila kelele. Dinkie akatoka kwenye mstari, akalikalia bomba.

"Kata," alisema. "Lakini anza na mimi."

"Dinkie, mama yangu, linawaua."

"Na bondeni je, hapakuua? Mtoto wangu wa pili nilimzalia njiani, dumu mgongoni, mvua inanyesha. Hakufika kilimani. Mimi nilifika, na dumu nililifikisha, maana nyumbani walikuwa wanasubiri maji. Siku hiyo wewe na spana yako mlikuwa wapi?"

Zamani Dinkie hakuweza kuitaja habari ile. Akianza tu, sauti ilikatika, na wenzake walimalizia. Sasa aliisema yote mpaka mwisho kwa sauti ile ile ya kuagizia unga. Abegaz alitazama foleni. Kulikuwa na wanawake ishirini na tatu, na hakuna aliyekuwa na kamba begani. Akafukia alipofukua, akarudi nyumbani.

Wiki mbili baadaye, kabla ya chakula, alimgonga Birke begani kwa ukucha, na bega likalia ting.

Abegaz aligonga tena. Ting. Mlio ulikwenda mpaka kwenye visigino na kurudi.

"Walikuwa wananiita Nyanya," alisema Birke. Hakuonekana kujuta hata chembe. "Kila siku, Nyanya, Nyanya, usimguse atapasuka. Nikawa nakunywa ya bomba wakati wa mapumziko. Babu, nigonge tena. Kalkidan anasema mimi ndiye ninayelia vizuri kuliko darasa zima."

Ilikuwa kweli, alilia vizuri sana. Abegaz alihesabu kama anavyohesabia bomba. Zinki mpya, maji mabaya, uzito mdogo: miaka kumi na mitano, labda ishirini, ikiwa hatapasuliwa popote wala kuchubuka. Angefika ishirini na mbili, ishirini na saba. Umri wa mama yake sasa hivi. Alimvuta kichwa kifuani na kusema ndiyo, unalia vizuri. Hata hivyo maji ya chemchemi aliendelea kuyaleta, kwa ukaidi, kwa ajili yake mwenyewe.

Habari za msiba huku kwetu haziletwi kwa simu, hata kama zimefika kwa simu. Huletwa asubuhi na mapema, na wazee, kwa pamoja, ili anayepokea akianguka awe na wa kumdaka. Kwa hiyo mwezi wa Megabit, wa pili baada ya Tir, jua likiwa halijapasha moto, Abegaz alipofungua mlango na kuona shela nyeupe tisa zimepangana kwenye ua wake, na Yimer nyuma yao ameficha tarumbeta chini ya koti, hakuuliza wamefuata nini. Aliuliza, "Ni Yeshi?" Wakasema ni Yeshi. Ameanguka kutoka roshani ya ghorofa ya sita, ndivyo waajiri walivyosema, na wameshamzika huko huko.

Wazee wanne walimdaka, na mikono yao ilikuwa baridi. Abegaz alilia kama mtu anayetapika. Alijipiga kifua, akamwita Yeshi kwa jina la utotoni, akawauliza wazee roshani ni kitu gani na mtu anaangukaje kutoka kwenye kitu chenye ukuta. Wazee walisubiri amalize. Hakumaliza.

Hema lilisimamishwa, na juu ya kiti wakaweka picha ya Yeshi akiwa na sare ya shule. Weira Amba yote ilikuja, kwa maana chama kinadai kila nyumba ije, wakaketi kwenye mabenchi wakila ngano ya kuchemsha, nyuso zao zinang'aa kwa adabu. Katikati yao alilia mtu mmoja tu. Siku ya kwanza walimpisha. Siku ya pili wengine walianza kukaa mbali naye kidogo. Si kwa ubaya. Walikuwa wamesahau mtu anayelia anafanyiwa nini.

Birke alikaa ubavuni mwake. Alijua mama yake amekufa, aliwaambia hata wageni, kama anavyosema mji mkuu wa nchi fulani ni fulani. Kilichomsumbua ni babu yake.

"Babu, unavuja," alisema.

"Navuja, mama."

"Nikuzibe wapi?"

Akampandia mapajani, akamkumbatia shingo, na Abegaz akalilia hapo hapo, shingoni mwa mtoto, siku ya pili yote na ya tatu yote, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine duniani pa kuweka kilio kile. Jioni ya siku ya tatu, alipokuwa akimvua shela ili alale, aliona madoa. Yalianzia chini ya sikio na kuteremka hadi begani, mistari mitatu, ya kahawia. Alikwangua mmoja kwa ukucha. Gamba likabanduka, na chini yake palikuwa na kishimo kidogo.

Fundi yeyote anajua chumvi inavyoila zinki. Pwani, bomba la miaka arobaini hudumu saba. Abegaz alijitazama vidole vilivyolowa machozi, akajifuta haraka kwenye suruali, akarudi nyuma mpaka ukutani.

"Usinisogelee," alisema.

"Kwa nini?"

"Nina mafua."

Lakini mtoto ni mtoto. Asubuhi ya siku ya nne Abegaz alijifunga taulo usoni, halikusaidia. Alimtuma akae na wanawake, akaenda, akarudi, maana babu yake peke yake ndiye aliyekuwa na joto. Babu alijaribu kujizuia asilie. Alijaribu kwa nguvu kama mtu anayezuia koki iliyokatika kwa kiganja, na kila alipoitazama ile sare ya shule kiganja kilishindwa.

Mchana alikuja Shibeshi. Aliketi kando ya Abegaz, akamshika mkono, akalia. Alilia kweli, sitamsingizia. Ndiye aliyemfundisha Yeshi kusoma, na alikumbuka mpaka dawati alilokalia. Wanaume wawili walilia chini ya hema la watu mia mbili, na wale mia mbili wakatazama pembeni. Kisha Shibeshi akapenga kamasi, akainama karibu.

"Nisamehe, haya si maneno ya hapa. Lakini watu wa mtaa wa chini wametuma wazee. Wamesikia habari ya mitad, wamesikia habari ya Getu na bajaji, wanasema nao ni binadamu. Na wanateseka na maji, unajua wanavyoteseka. Shemeji anasema kiwandani yamebaki mabomba themanini."

Abegaz hakuwa akimtazama. Birke alikuwa anakuja, anapita katikati ya mabenchi, mikono imeshanyooshwa, na uso wa Abegaz ulikuwa umelowa wote.

"Sawa, sawa," alisema. "Nitakuja. Mshike huyo mtoto. Mwalimu, tafadhali mshike, asinifikie."

Shibeshi alimshika. Abegaz akatoka kwa upande wa nyuma wa hema, akaenda hadi kwenye bomba, akamwomba Dinkie kikombe. Dinkie alimtazama, akamtazama tena. Akasuuza kikombe, akakijaza, akampa kwa mikono miwili. Maji yalikuwa baridi na matamu. Abegaz alikunywa, akaomba kingine.

Tangu usiku huo alilala kwa Yimer. Birke akawa analala kwa Dinkie. Kila jioni mtoto alikuja mpaka kwenye ua wa Yimer, akasimama nyuma ya uzio wa miiba.

"Babu, mafua yameisha?"

"Bado, mama."

"Bado mengi?"

"Bado kidogo."

Abegaz alikunywa vikombe kumi kwa siku. Wiki ya pili alianza kazi mtaa wa chini, kwa sababu alikuwa amesema sawa mbele ya watu, na kwa sababu mikono isiyo na kazi ilimrudisha kwenye ile roshani. Hakuyagonga yale mabomba. Alikata, akapiga hesi, akafunga katani. Wanawake wa huko walimletea chakula kizuri na kumwita baba. Wiki ya nne msumeno ulimteleza ukampitia kiganjani, ukaacha mstari mweupe, bila damu, naye akaendelea kukata.

Siku ya thelathini na sita ya msiba alikaa juu ya rundo la udongo, akamfikiria Yeshi tangu mwanzo. Alimfikiria alivyozaliwa na nywele nyingi. Alivyoogopa bata. Alivyokwenda kupanda basi la kumpeleka uwanja wa ndege, viatu vipya ameshika mkononi ili visipate tope, na alivyogeuka mara moja tu. Alifika mwisho. Akajigusa mashavu, yalikuwa makavu. Akarudia tena tangu mwanzo, polepole zaidi, bila kuruka kitu, ili awe na hakika. Kisha akafunga vifaa vyake kwenye gunia.

Arobaini ya Yeshi iliangukia siku ile ile ambayo bomba la mtaa wa chini lilikuwa linafunguliwa, kwa hiyo watu wengi walikwenda huko baada ya kula. Abegaz alimchukua Birke kwa Dinkie, akaenda naye nyumbani. Yale madoa matatu yalikuwa bado shingoni. Hayakuwa yameongezeka.

Abegaz alipotangulia ndani, Birke alimkimbilia kutoka mlangoni, akajipiga kifuani mwake, na mlio wake ulisikika mpaka kwa jirani. Akabaki amejibana pale, anasubiri. Baadaye akainua uso.

"Babu, una baridi."

"Ndiyo."

"Kama wote."

"Kama wote. Lakini sasa sivuji."

Birke alifikiri. Akamvuta mkono hadi kwenye jiko la kahawa, ambalo makaa yake yalikuwa bado mekundu, akamketisha, naye akaketi mkabala, vifua vyao vimeelekea moto. Kutoka mtaa wa chini vigelegele vilipanda, maji yametoka. Walikaa hivyo kitambo, babu na mjukuu, bila kuungua. Alipojigusa na kuona amepata moto vya kutosha, Birke alisema, "Sasa," na wakakumbatiana upesi, kabla joto halijawatoka.